Nguo mbili zilizotandikwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko la juma hili ni 2 Samweli 21:10, ila nitawapitisha Ugiriki kwanza. Msinishangae. Hata Paulo aliposimama Areopago aliwanukulia watu wa Athene washairi wao wenyewe.

Katika mji huohuo, mwaka 458 kabla ya Kristo, Aeschylus alionyesha tamthilia ya mfalme Agamemnon na mkewe Clytemnestra. Majeshi yakielekea vitani Troy yalikwama Aulis kwa pepo za mbisho, na mfalme akamtoa binti yao Iphigenia kafara ili merikebu zipate kwenda. (Aliyesoma habari za Yeftha, aliyemtoa binti yake kwa nadhiri, Waamuzi 11, atatetemeka kidogo hapa.) Mama akabaki Argos na donda lile miaka kumi.

Sina haraka ya kumhukumu. Mama gani angesahau? Tatizo ni kwamba uchungu wake ulijifunza kutabasamu. Mume aliporudi, alimlaki hadharani kwa maneno matamu, akawaamuru vijakazi watandike nguo za zambarau kutoka kwenye gari lake hadi mlangoni. Agamemnon akasita: heshima hiyo ni ya miungu. Mkewe akabembeleza, akasifu, akachokoza, mpaka mwanamume akavuliwa viatu akazikanyaga. Ndani alimnasa kwa vazi kama samaki wavuni, akampiga mapigo matatu. "Kinywa chake ni laini kuliko siagi, bali moyo wake ni vita," asema mtunga Zaburi (55:21).

Akasimama juu ya maiti akisema ni haki ya mwanawe. Lakini alimuua pia Cassandra, mateka asiyehusika kabisa na kifo cha Iphigenia. Tena nyumbani tayari alikuwemo Aegisthus, mwanamume mwingine. Kisasi kilikwisha kuchanganyika na mambo yake mengine, ila jina la mtoto bado lilikuwa mdomoni. Hapo ndipo ninapojiona mimi. Mara ngapi nimesema "natetea haki" huku nikimtandikia mtu zulia, nikimchekea, nikingoja aingie ndani?

Sasa mtazame Rispa wa andiko letu, suria wa marehemu mfalme Sauli. Nchi ilikuwa na njaa kwa kosa la Sauli la kuwaua Wagibeoni, na ili kulipa kosa hilo wanawe Rispa wawili walitolewa na mfalme Daudi, wakatungikwa mlimani. Naye pia alitandika nguo: gunia, juu ya mwamba. Akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hata mvua ikanyesha, mchana akifukuza ndege, usiku wanyama wa mwituni. Fikirini harufu. Fikirini jua lile. Hakujificha, wala hakumwekea mtu mtego. Alililia mahali ambapo mji mzima ungeweza kumwona.

Habari zikamfikia Daudi. Akaenda mwenyewe kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, na mifupa ya wale waliotungikwa ikakusanywa. Baada ya hayo Mungu akaombeka kwa ajili ya nchi. Na katika sura nzima Rispa hakuandikiwa hata neno moja alilosema.