Nilivyoielewa besiboli kwa kuanzia mwisho

Mwaka 2011 nilipata kazi ya kumhudumia mzee mmoja mtaa wa Bronx, New York. Mimi ni mtu wa Tanga, mpira ninaoujua ni wa miguu. Mzee alikuwa haachi kutazama Yankees, timu ya besiboli ya hukohuko, mechi karibu kila siku, kila moja ikichukua saa tatu hivi, na mimi pembeni usingizi unanielemea. Nilitamani sana tuwe na cha kuzungumza.

Nilikuwa namwita Babu. Alipojua maana yake hakutaka jina jingine. Siku moja akaniambia, "Usihangaike na mchezo mzima. Tazama awamu ya tisa, ya mwisho, mtazame Mariano."

Mariano Rivera alikuwa mrushaji wa kufunga mchezo. Wenzake wanahangaika awamu nane, yeye yuko kule uzioni akisubiri. Timu ikiongoza kwa pointi chache, anaitwa awatoe wapigaji watatu wa wapinzani, mchezo uishe. Akianza awamu hiyo timu ikiwa mbele kwa pointi zisizozidi tatu, akaulinda uongozi mpaka mwisho, anaandikiwa sevu moja. Basi nikaanza kuhesabu: mmoja, wawili, watatu. Kwa wiki chache nikawa najua kila anayesimama pale anatafuta nini, na awamu nane za mwanzo zikaanza kunielea zenyewe.

Kilichonishika zaidi ni alikotoka. Alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi Panama, akafanya kazi kwenye boti ya baba yake ya kuvua dagaa. Utotoni glovu zao zilikuwa za maboksi. Sisi tuliocheza chandimu tunalijua jambo hilo bila kuelezwa. Na silaha yake kubwa ilikuwa moja tu, mrusho wa kukata, alioupata mwaka 1997 akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza. Mpira unakuja umenyooka, halafu dakika ya mwisho unakwepa kidogo. Mpigaji wa mkono wa kushoto unamwingia mikononi na gongo linavunjika. Wapigaji walijua unakuja, na bado uliwashinda.

Nilimuuliza Babu kama Mariano amewahi kushindwa. Akanyamaza kwanza. Kisha akanisimulia fainali ya mwaka 2001 kule Arizona, mchezo wa saba, Yankees mbele 2–1, Mariano uwanjani. Arizona wakasawazisha, kisha mpigaji wao Luis Gonzalez akaugusa mpira vibaya, ukaelea juu ya vichwa vya walinzi, ukadondoka. Ubingwa ukaenda. Babu alisema kilichomfanya ampende zaidi ni kwamba msimu uliofuata alirudi palepale, kwa mrusho uleule. Mimi naona kazi hiyo ni ngumu kuliko ya golikipa: golikipa akifungwa mapema bado ana muda wa kusawazishiwa.

Tarehe 19 Septemba 2011 mechi ilikuwa mchana, dhidi ya Minnesota. Mariano alikuwa na sevu 601, sawa na Trevor Hoffman aliyekuwa ameweka rekodi; moja zaidi na rekodi ni yake. Nilisogeza kiti cha Babu karibu na televisheni, nikahesabu kwa Kiswahili kwa sauti, naye akinifuatisha. Watatu wakatoka mmoja baada ya mwingine. Wachezaji wakamkumbatia, kisha mwenzake Jorge Posada akamsukuma arudi kwenye kilima cha mrushaji asimame peke yake, uwanja mzima ukimpigia makofi.

"Watatu," Babu akarudia, mkono wangu bado ameushika.