Nilipofunga Msafara Kwenda Luanda

Tulipotoka Kisumu asubuhi ile kwenda Luanda, mji wa soko ulioko Bunyore, magharibi mwa Kenya, kwa baiskeli, kiongozi wetu aliniambia nifunge msafara. Anayefunga msafara habaki nyuma kwa kupenda. Anabeba pampu, viraka na solusheni, na haachi mtu njiani hata wa mbele wakipotea machoni. Wa mwisho wetu alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekuja na baiskeli yake ya chuma aina ya Black Mamba, haina gea hata moja. Wote tulimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo.

Hadi Otonglo tulikwenda pamoja, barabara ikiwa tambarare. Kisian njia hugawanyika: kushoto unaelekea Bondo, kulia unaanza kupanda kwenda Maseno. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Maseno inakaribia 1,500, na karibu kimo hicho chote unakilipa kwa miguu baada ya Kisian. Vijana walibadilisha gea, wakainama, wakaenda. Jaduong' alishuka, mkono mmoja ukashika usukani na mwingine nyuma ya kiti, akaanza kusukuma.

"Tupumzike kidogo, Jaduong'?"

"La, nyathina, mwanangu. Hapa ni pa kusukuma. Kupumzika ni Lela."

Ndipo nilipojua kwamba mlima ule ulikuwa kazi yake. Ujanani alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alikuwa Dunga, ufukweni Kisumu, akingoja mitumbwi, na kabla jua halijawa kali samaki walitakiwa wawe Luanda sokoni. Alinieleza jinsi ya kufunga mzigo, akinionyesha kwa vidole juu ya karia tupu: majani mabichi chini ya tenga, samaki wamepangwa vichwa upande mmoja, gunia lililoloweshwa juu, kisha mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu unavutwa na kuzungushwa hadi tenga lisitikisike. Mzigo ukicheza, alisema, samaki wanasuguana, ngozi inachubuka, na mnunuzi wa Luanda huona. Maji ya gunia yalichuruzikia tairi la nyuma njia nzima.

Mwanzoni alibeba ngege, yaani sato. Baadaye mbuta, yaani sangara, wakazidi ziwani, na kuna siku alibeba samaki mmoja tu, mkubwa kiasi kwamba ilibidi aukunje mkia na kuufunga usiingie kwenye spoku.

Tulipofika Lela aliegemeza baiskeli, akakaa kivulini, nami nikakaa. Kwa wachuuzi kama yeye kila kivuli kilikuwa na hesabu. Ukikaa mapema mno, jua linakukuta mlimani na samaki wanaharibika. Ukichelewa kukaa, nguvu zinakuishia kabla ya Maseno na wenzako wanakuuzia mbele. Nilikuwa nimepita barabara hiyo kwa matatu tangu utotoni, na sikuwahi kuambiwa kwamba ina ratiba. Mbele zaidi inafika Busia, ambako katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli walianza kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka na boda boda ikazaliwa. Hao wanatajwa. Waliolisha Bunyore samaki kwa miguu yao sijawahi kusikia wakitajwa, na naona wanastahili.

Maseno tuliwakuta wenzetu wakipiga picha kwenye alama ya ikweta. Jaduong' aliwapungia mkono akapita. Kwake Maseno ni mahali mlima unapoisha.

Kutoka hapo upepo ulikuwa wa baridi, na mawe ya Bunyore yakaanza kuonekana, makubwa kama nyumba, yamesimama katikati ya mahindi. Wanyore wanasifika kwa kuita mvua. Nilimuuliza kama mvua haikuwasumbua.

"Ilitusaidia," alisema. "Siku ya mawingu samaki hufika kama ametoka majini sasa hivi."

Luanda sokoni hakutafuta chai. Alikwenda moja kwa moja kwa akina mama wa samaki, akamchagua mmoja, akafunua shavu kwa kidole gumba. Matamvua yalikuwa mekundu, yana utelezi.

"Huyu ametoka wapi, mama?"

"Dunga, baba. Ameletwa na pikipiki asubuhi hii."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaangalia meza ilivyopigwa na jua.

"Tafuta gunia, mama. Lilowesheni, wafunikeni. Kufika saa nne hawa watakuwa wamechoka."

Mama alimtazama, akamwita kijana wake alete gunia na ndoo ya maji. Wenzetu walipofika na njaa zao, tulikuwa tumeshaagiza samaki wa kukaanga na ugali, na Jaduong' ndiye aliyechagua kila mmoja.