Ngazi 14

Korona yenyewe ilinilaza siku sita tu. Kilichofuata, korona ya muda mrefu (dalili zinazobaki baada ya ugonjwa wenyewe kuisha), ndicho kilichonitoa jasho: miezi minane sasa tangu niugue, na ngazi 14 za nyumbani bado nazipanda kwa awamu mbili.

Kosa langu lilikuwa ubishi. Siku nikipata nafuu nilifua, nikapiga deki, nikatembea mwendo mrefu. Kesho yake au keshokutwa mwili ukagoma kabisa. Daktari wa kwanza aliniambia ni mawazo. Wa pili alinilaza, akahesabu mapigo ya moyo, akanisimamisha dakika 10, akahesabu tena: kutoka 72 hadi 108. Kwa mtu mzima, ongezeko la 30 au zaidi bila presha kushuka huweza kuonyesha neva zinazoongoza moyo zimevurugika. Nililia, kwa furaha ya kuaminiwa.

Dawa mahususi ya korona ya muda mrefu hakuna. Hutibiwa dalili moja moja. Mimi nimepewa maji mengi, chumvi zaidi (usiniige kama una presha ya kupanda!), soksi za kubana na, ngumu kuliko zote, kupumzika kabla sijachoka. Naoga nimekaa kwenye kigoda. Pua nayo, iliyopoteza harufu, naifundisha upya: asubuhi na jioni nanusa karafuu, limau, waridi na mkaratusi, sekunde 20 kila kimoja. Harufu ya limau imerudi. Karafuu bado inanukia kama mpira ulioungua, na mume wangu amechoka kuulizwa kuna nini kinaungua jikoni.