Tundu linalovujisha maji ndo hilohilo linaloingiza tope

Jamani ile bili ya mwezi wa tisa ilininyima usingizi. Huku kwetu Isevya, Tabora, maji ni ya mgao, leo yapo kesho hayapo, na yakija yanakuja usiku wa manane, sasa inakuwaje nyumba ya watu watano iliyozoea uniti 13 iletewe uniti 31? Uniti moja ni lita 1,000, yani madumu 50 ya lita 20, kwaiyo hapo yamezidi madumu 900. Nikaanza kuwafokea watoto kwamba wanaacha koki wazi, na walikuwa hawana kosa hata kidogo.

Aliyenifumbua macho ni bibi wa nyumba ya jirani, kaja kuomba chumvi akasimama chini ya mwembe akaniuliza, "Mwanangu, huu mchicha unaumwagilia na nini?" Kiangazi chote kile, majani yote ya uwani yamekauka, ila pale mchicha umejiotea wenyewe, mbichi kabisa.

Usiku ule maji yalipokuja nikafunga koki zote, na ile ya kwenda kwenye tanki pia maana floti, lile boya la ndani ya tanki linalofungulia maji yakipungua, ikiwa inajaza itakudanganya, alafu nikaimulika mita kwa simu. Kile kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa kinazunguka taratiiibu, yani koki zote zimefungwa na bado maji yanapotea njiani.

Asubuhi nikamuita fundi, tukachimba palepale kwenye mchicha kama futi moja na nusu tukakuta bomba la chuma, la enzi zile tunategemea bwawa la Igombe kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika mjini, limeliwa na kutu na kuna mtu alishawahi kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Mpira umeoza. Na maji ya bafu la nje yanamwagika palepale!

Fundi akaniambia kitu kimenikaa moyoni mpaka leo. Maji yakikatika bomba linabaki halina presha, linaweza kuvuta, kwaiyo lile dimbwi lililozunguka tundu linarudi ndani, na yakija tena ndo yanasukuma huo uchafu mpaka kwenye ndoo yako. Na mimi miezi yote naona yakianza kutoka ni mekundu nikajua ndo yanavyokuja tu, nachota, mtoto anakunywa. Iliniuma sana.

Tumekata kipande kibovu, tumeweka polipaipu, na bafu nimelichimbia shimo lake mbali. Siku hizi yakirudi nafungua kwanza koki ya uwani, ya mwanzo yanaingia kwenye ndoo ya kudekia, mpaka yawe meupe ndo naruhusu tanki, na ya kunywa nachemsha hata yakiwa meupe vipi.

Kigurudumu sasa kimetulia. Ila kuna bomba lingine linavuja pale kona ya barabarani, hilo liko nje ya mita zetu, nimesharipoti mara mbili na kesho naenda tena na majirani wawili, maana tope la pale linaingia kwenye ndoo zetu sote.