Rangi ya mafuta haikimbizwi

Jamani leo niongee kidogo kuhusu kazi yangu ya kuchora picha za mtindo wa tingatinga, maana watu wananiuliza sana inboksi kwanini picha moja inachukua muda hivyo. Sisi tunatumia rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia milango na mageti, unapaka bakgraundi kwanza unaiacha ikauke kabisa ndo unamchora mnyama juu yake, ukiwahi kidogo tu rangi zinachanganyikana na mng'ao wote unakufa. Mzee Edward Saidi Tingatinga alivyoanza hapa Dar 1968 alitumia rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akafariki 1972, miaka minne tu jamani! na mpaka leo tunakula kupitia mkono wake.

Mimi raha yangu ni madoa ya chui. Kila doa nazungusha nyeusi kwanza, ikikauka naweka tone la kahawia katikati kwa ncha ya brashi, pumzi nimebana, na simu hapo nazima kabisa.

Watalii wengi wanataka tembo na Kilimanjaro nyuma, nawachorea tena kwa moyo wote, ila siku hizi nachora pia daladala, mama ntilie, foleni ya Mwenge. Kuna wanaosema hiyo sio tingatinga tena, mi siwaelewi kwakweli, rangi ni zile zile na mtindo ni ule ule. Saa hizi namalizia konda ananing'inia mlangoni, akikauka nampost hapa mumwone.