Nilivyompikia mama marhamu ya magaga

Magaga ya mama huchachamaa Juni na Julai, baridi ya Njombe ikikolea. Mafuta ya mgando yanamsaidia, sibishi, ila akishavaa kandambili kwenda shambani hayachukui muda, yameisha. Nikaamua kumpikia marhamu ya nta.

Nta niliipata kwa muuza asali anayeitoa Tabora: bonge jeusi, linanuka moshi, mabawa ya nyuki yamenasa humo humo. Niliichemsha kwenye maji mengi, kwa sufuria kuukuu (ikishaingia nta, ugali humo usahau), nikaichuja kwa kipande cha kanga na kuiacha ilale. Asubuhi naikuta imeelea, imeganda duara kama chapati, rangi ya njano. Chini yake kulikuwa na tope la kijivu. Nikalikwangua kwa kisu.

Hapa Dar kila mtu atakwambia tumia nazi. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa baridi ya Njombe yangekuwa jiwe. Nikachukua alizeti, gramu 100 kwa gramu 20 za nta. Bakuli la chuma nililiweka juu ya sufuria ya maji ya moto, maana nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu, na ukiibandika motoni moja kwa moja inaweza kuwaka. Kabla ya kumimina nilichovya kijiko kikavu, kikapoa, nikajipaka mkononi. Ikiwa ngumu unaongeza mafuta. Ikiteleza sana, nta.

Dada yangu aling'ang'ania nitie ute wa shubiri mbichi. Nilikataa. Ute ule ni maji karibu mtupu, na maji ndani ya kopo ndiyo yanayoleta ukungu.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye simu.

"Mama, usipake mguu mkavu. Loweka kwanza maji ya uvuguvugu, sugua, futa juu juu, paka kungali na unyevu, halafu uvae soksi."

"Na soksi tena, mwanangu?"

Naam, na soksi. Nta haileti unyevu, inauzuia tu usitoke.

Nyufa nyembamba zimeziba. Sasa jirani yake naye anataka kopo, lakini ana kisukari na kisigino chake kinatoa damu. Huyo nimemwambia mama ampeleke zahanati kwanza.