Asubuhi ya Kipupwe, Tandika

Mwanangu wa pili alifariki dunia mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka sita, kwa selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alizikwa Chang'ombe siku ileile baada ya swala ya alasiri, na kwa kuwa kwetu wanawake hawafuatani na jeneza, nilibaki mkekani katikati ya wanawake wenzangu, nikisikiliza sauti za wanaume zikipungua kuelekea barabarani. Habari za siku hiyo sitazirefusha. Ninachotaka kukiandika ni asubuhi moja ya mwaka uliofuata, wakati wa kipupwe, kwa sababu ndipo nilipoanza kupona.

Katika msiba niliambiwa yote ambayo mama aliyefiwa na mtoto huambiwa: kwamba Mungu amempenda zaidi, kwamba atanipokea peponi, kwamba mimi bado kijana nitazaa mwingine. Maneno mawili ya kwanza niliyaamini na ninayaamini hadi leo. La tatu liliniumiza, na naomba wanaokwenda misibani waliache, kwa maana mtoto hazibiwi pengo na mtoto mwenzake. Lakini zaidi ya maneno, kilichonielemea ni ujuzi niliobaki nao. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kazi moja na kuijua vizuri: folik asidi kila siku, penisilini hadi alipotimiza miaka mitano, maji ya kunywa mara kwa mara, chandarua bila kukosa kwa sababu malaria humdhuru mtoto wa namna hii kuliko wenzake, na sweta mara upepo wa kusi unapoanza, maana baridi huweza kuamsha maumivu ya mifupa. Muuguzi mmoja alinifundisha pia kuipapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto, kwa kuwa damu inaweza kunasa humo ndani ya saa chache, bandama ikavimba na mtoto akaishiwa damu. Nilifanya hivyo kila alfajiri kabla hajaamka. Alipokwisha kuondoka, niliendelea kuzinduka saa ileile, mkono ukiwa tayari umenyooka kuelekea upande aliokuwa akilala.

Asubuhi hiyo alibisha hodi binti mpangaji wa nyumba ya jirani, aliyekuja Dar es Salaam kutoka Lindi kumfuata mumewe, mchuuzi wa Kariakoo. Alikuwa amembeba mwanawe wa kike wa miezi minane, aliyelia usiku kucha mpaka sauti ikamkauka.

"Shikamoo shangazi. Naomba unitazamie mtoto. Wengine wanasema kaumwa na mdudu, wengine wanasema jicho."

Niliutazama mkono wa mtoto, kisha nikaomba niutazame wa pili, kisha miguu. Vidole vyote vilikuwa vimevimba na kunyanyuka juu, ngozi imekaza, na nilipovigusa alipiga ukelele. Mdudu haumi mikono miwili na miguu miwili kwa usiku mmoja. Vidole vya mwanangu vilikuwa hivyohivyo alipokuwa na umri kama ule, kwa sababu katika miezi ya kwanza mtoto hulindwa na damu aliyotoka nayo tumboni, na kinga hiyo ikishapungua ndipo dalili hujitokeza. Nilitamani kufunga mlango nilale. Badala yake nilichukua mtandio na hela ya bajaji, tukaenda hospitali.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulipokuwa benchini, yule binti alinigeukia akaniuliza, kwa upole na bila kuzungukazunguka, mwanangu alikuwa mtoto wa namna gani. Tangu msiba hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Watu waliniuliza alikufaje, au walinyamaza kabisa kwa kunihurumia. Nikamweleza kwamba alipenda kupanga vizibo vya soda kwa rangi, kwamba alikataa kukatiwa kipande cha mkate kilicho kikubwa kuliko cha dada yake, kwamba siku za maumivu alitaka nimhesabie madirisha ya nyumba za jirani mpaka alale. Nilizungumza mpaka tukaitwa. Nililia kidogo na nikacheka pia, na kicheko hicho kilinishangaza.

Daktari alisikiliza maelezo yangu, akamtazama mtoto macho na tumbo, akaagiza vipimo na dawa ya maumivu. Kipimo cha awali kilionyesha chembe za selimundu, na damu ilikuwa imepungua, hivyo akaandika rufaa ya kwenda kliniki ya Muhimbili, ambako tangu mwaka 2004 wagonjwa wa selimundu wamekuwa wakisajiliwa na kufuatiliwa, ili wathibitishe. Nchini kwetu inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na bado wazazi wengi hulisikia jina lake kwa mara ya kwanza wakiwa wamepakata mtoto mgonjwa.

Tulipotoka nje, binti alinishika mkono. "Shangazi, hii ndiyo sikoseli iliyomchukua mwanao?"

"Ndiyo."

"Na wangu atakufa?"

Sikuwa na haki ya kumdanganya, na wala sikutaka kumtisha. Nilimwambia kwamba wangu alifariki, na kwamba palepale kliniki nilikuwa nimekutana na watu wazima wenye ugonjwa huohuo, mmoja mwanafunzi wa chuo, mwingine mama wa watoto wawili aliyekuja na kitambulisho cha kazi shingoni. Nikamwambia kwamba mtoto anayejulikana mapema hali yake huwa na nafasi kubwa zaidi, na yeye alikuwa amejua mtoto akiwa na miezi minane. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa ajili yake, lakini nilijisikia nikiyaamini, na ilikuwa muda mrefu tangu niamini jambo lolote jema kuhusu kesho ya mtoto yeyote.

Jioni mumewe alirudi, akasema kwao hakuna ugonjwa huo. Nilimketisha nikamweleza kwamba mtoto huurithi kwa baba na kwa mama pamoja, hata kama wote wawili ni wazima, na kwamba katika kila mimba nafasi ya mtoto kuupata ni moja kati ya nne. Hakuna wa kulaumiwa kati yao. Alinyamaza, kisha akauliza folik asidi inauzwa wapi. Nilifurahi kusikia swali hilo.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha binti namna ya kulaza vidole chini ya mbavu za kushoto na kupapasa polepole, ili alijue tumbo la mwanawe lilivyo siku za uzima na atambue siku litakapobadilika. Alikuwa mtoto wa kwanza niliyemgusa hivyo tangu wangu, na mkono haukunitetemeka.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu yote. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu msiba. Aliniuliza kama yule binti ameweza kuipapasa bandama.

Nikamwambia bado, anabonyeza kwa woga, lakini kesho asubuhi nitakwenda tujaribu tena kabla mtoto hajanyonya.